Nyekundu Niliyokusingizia

Rehema mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stesheni, ana kwa ana, mbele ya mama yako na shangazi zako na mizigo yote ile, kwa hiyo humu sitaziweka. Maagizo ya safari nayo sitayaweka. Mama yako amekuwa akikupa tangu Jumapili: chakula cha njiani, begi usimwachie mtu, ukifika upige simu, ukiumwa useme mapema. Ameyamaliza yote. Hakunibakizia hata moja.

Nimefunga duka mapema. Ni alasiri, soko la Mwanga bado lina watu, na jua linaingia kwa dirisha la nyuma mpaka juu ya cherehani. Umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako na umesema utarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo muda nilionao ni huo. Naandika kwenye karatasi za daftari la vipimo kwa sababu ndizo nilizonazo. Ukigeuza ukakuta kiuno na mabega ya mtu, usishangae.

Kuna jambo ambalo wewe na mimi tumeishi nalo miaka kumi na moja bila kulitaja. Wewe unalijua. Mimi najua kwamba unalijua. Lakini halijawahi kutoka mdomoni mwangu, na kesho unaondoka, na sitaki uondoke nalo peke yako.

Baba yako haoni nyekundu. Wala kijani. Si kwamba naona giza. Naona kitu, lakini zote mbili kwangu ni kitu kimoja, mfano wa udongo uliokauka, hii imekolea kidogo na ile imepauka kidogo, na siku nyingine hata tofauti hiyo inanidanganya. Zambarau siijui, kwangu ni bluu. Rangi ya damu ya mzee naweza kuiita nyeusi na nikakuapia. Bluu naijua. Njano naijua. Ziwa naliona, Rehema, kwa hilo usinionee huruma. Asubuhi nikisimama pale Bangwe na milima ya Kongo ikiwa ng'ambo, nadhani naona unachokiona wewe.

Nilikuwa mdogo sana ilipoanza kunisumbua. Bibi yako alikuwa na nyanya nyuma ya nyumba pale Ujiji. Akinituma nichume zilizoiva, narudi na kikapu cha mbichi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinifokea kwa Kiha, maana hasira zake za kweli hazijawahi kutoka kwa Kiswahili. Mara ya tatu alinichapa, akiamini kwamba namfanyia makusudi. Basi nikajifunza kuzibonyeza. Iliyoiva ni laini. Hadi leo wauza nyanya hapa sokoni wakiniona naja wanazifunika kwa mikono.

Shuleni mwalimu alitupa kazi ya kuchora bendera. Nilipaka kwa uangalifu, sikutoka nje ya mstari hata mara moja, na nilikuwa nimejaa fahari. Akaliinua daftari langu mbele ya darasa. "Hebu mwoneni Sadiki," akasema. "Majani ya nchi yetu ameyaunguza moto." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka nao. Siku hiyo niliamua kwamba hakuna mtu atakayejua tena, na nikaushikilia uamuzi huo hata baada ya kusahau sababu yake.

Utaniuliza, sasa mtu wa namna hiyo anakuwaje fundi cherehani? Baba yangu mdogo alikuwa akishona sare za shule, na sare zenyewe zilikuwa nyeupe na bluu. Hapo nilijiona mfalme. Mkono wangu ulikuwa mzuri na mshono wangu ulinyooka. Tatizo lilianza nilipopata hiki chumba cha duka nikaanza kutamani kazi kubwa: magauni ya harusi, vitenge vya kutoka Kongo vyenye rangi saba kwa pamoja. Nilikuwa na mbinu zangu. Mteja akija namwuliza, "Wewe mwenyewe unapenda uzi upi hapa?" Akishaonyesha, mimi naonekana fundi mwenye adabu. Nyuzi nilinunua kwa mtu mmoja tu, na nilimwomba aandike jina la rangi kwenye kila moja, nikisema napenda mpangilio. Kwa miaka mingi mbinu hizo zilinitosha.

Halafu akaja Bi. Mwamvua wa Bangwe.

Ulikuwa na miaka tisa. Ukitoka shule ulikuja hapa dukani, unavua viatu, unakaa mlangoni na kuanza kupanga mabaki ya vitambaa sakafuni, hiki karibu na hiki, unavitoa, unavipanga upya. Nilidhani unacheza. Siku ile Bi. Mwamvua alileta kitambaa cha gauni ambalo binti yake anayeolewa angelivaa siku ya kuagwa. Kijani cha jani changa la mgomba, ndivyo alivyokiita mwenyewe, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayekiona.

"Pindo lote lizungushie utepe wa kijani hiki hiki," akasema. "Ukiukosa kabisa, weka mweupe, weka wa dhahabu. Lakini nyekundu usiweke, fundi. Dada yake mkubwa huyu alifia kwenye uzazi, na zile shuka nilizifua mimi kwa mikono yangu. Tangu hapo nyekundu haiingii nyumbani kwangu, hata sahani."

"Nimekuelewa, mama," nikamjibu.

Siku ya kushona pindo nilikuwa na mteja mwingine amekaa akisubiri sketi yake, yule mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Nilikutuma utepe wa kijani. Ukauleta. Ukauweka mezani, hapo hapo kwenye meza hii. Lakini juu ya meza kulikuwa na utepe mwingine wa kazi ya jana yake, na mimi nilipopeleka mkono bila kukuangalia, nikachukua ule mwingine.

"Baba," ukasema, "hiyo ni nyekundu."

Yule mwalimu akainua uso.

Mwanangu, pale ndipo mambo yangeweza kuishia. Ningesema tu, "Ala, kumbe!" nikabadilisha utepe, na leo nisingekuwa na barua ya kukuandikia. Badala yake nikasikia darasa zima likicheka. Mimi mtu mzima, mwenye mke na mtoto na duka, nikalisikia kabisa.

"Nyamaza," nikakwambia. "Fundi hapa ni nani?"

Ukanyamaza. Nikashona pindo lote, mzunguko mzima, na mikono yote miwili ya gauni. Kila nilipoinua macho nilikuta unaangalia kile kitambaa.

Bi. Mwamvua alikuja baada ya siku mbili na mdogo wake. Akalikunjua gauni. Hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye benchi la wateja, na gauni mapajani, akawa anapitisha kidole kwenye lile pindo. Aliyepiga kelele ni mdogo wake. "Fundi, umetufanyia nini? Si uliambiwa? Si uliambiwa wewe?"

Na mimi nikanyoosha mkono nikakuonyesha wewe.

"Ni huyu mtoto," nikasema. "Nilimtuma utepe akaniletea huu. Nilikuwa na kazi nyingi, sikuangalia."

Wote wakakugeukia. Wewe ukanitazama mimi. Sikuona hasira kwenye uso wako, nami nimeutafuta uso ule kichwani mwangu mara nyingi. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayejaribu kufahamu kitu kigumu. Kisha ukasimama, bila viatu, ukamwendea Bi. Mwamvua.

"Nisamehe, mama," ukamwambia. "Nimekosea."

Nami nikakuacha useme hivyo.

Binti wa watu aliagwa akiwa amevaa gauni la kuazima. Wateja wawili watatu wa Bangwe wakahama. Hayo yalipita. Lisilopita ni kwamba mwezi mzima hukukanyaga hapa dukani. Ulitoka shule ukaenda moja kwa moja nyumbani, na mama yako alipokuuliza ulisema una masomo mengi. Nilikosa hata nguvu ya kukufokea.

Halafu mchana mmoja ukaja. Ulikuwa na penseli mbili za rangi mkononi. "Baba," ukasema, "nichagulie nyekundu. Nataka kuchora jogoo." Nikazitazama zote mbili. Nikachagua moja kama mtu anayechomoa karata. Uliangalia ile penseli, ukaniangalia, ukasema, "Asante, baba." Ukaenda kukaa mlangoni ukachora. Miaka mingi baadaye nilimwuliza mama yako kwa nini anahifadhi picha ile ya jogoo kwenye sanduku lake. Akaniambia, "Kwa sababu kilemba chake ni cha kijani." Ulikuwa na miaka tisa, na uliona afadhali jogoo wako aharibike kuliko kuniambia kwamba nimekosea.

Tangu mchana ule ukaanza kunitajia. Hukunisahihisha hata siku moja. Ulizipenyeza tu rangi katikati ya maneno ya kawaida. "Baba, uzi wako wa damu ya mzee unakaribia kwisha," huku umeugusa kwa kidole. "Baba, huyu mama wa kitenge chekundu, alisema atakuja lini?" "Ile bitana ya kijani nimeiweka kulia kwako." Nami nakujibu, "Nimeiona." Miaka yote hiyo, Rehema. Nimeiona, nimeiona. Nilikuwa sioni chochote, nasikia tu.

Katika kunitajia mimi, wewe ukawa fundi wa kitu ambacho sikuweza kukufundisha. Wateja wakaanza kuingia na kuuliza, "Rehema yupo?" kabla ya kunisalimia. Namkumbuka yule mama mnene wa Kibirizi aliyekuja na gauni la rangi ya chungwa akitaka kilemba cha rangi hiyo hiyo. Ukamwambia, "Usivae chungwa juu na chini, mama, zitagombana zenyewe kwa zenyewe. Jaribu hii bluu iliyokolea. Chungwa itatulia na uso wako utaonekana." Sikuona chungwa ikitulia. Niliuona uso wa yule mama kwenye kioo, na uso huo ulinitosha.

Na siku uliyoniletea daftari lako la viboksi, unaikumbuka? Ulikuwa umepaka kijivu kimoja kwenye kurasa mbili, upande huu umekizungushia njano na upande huu umekizungushia bluu. "Ona, baba, kijivu ni kile kile. Lakini hapa kwenye njano kinajifanya bluu." Nikatazama na nikakiona! Nilikiona kabisa kikibadilika. Nilipiga meza kwa furaha ukashtuka. Hukujua ni kwa nini nimefurahi hivyo kwa ajili ya kijivu. Ilikuwa ni mara ya kwanza maishani kuona kitu ambacho wewe unakiona, wakati ule ule, tukiwa tumesimama pamoja.

Ulipotaka kupaka mlango wa duka, ulianza kwa kusema kijani na njano. Mama yako akakataa akicheka, akasema uchaguzi ukifika tutaonekana wanachama wa chama cha rangi hizo na nusu ya wateja watapitiliza. Ukakaa siku tatu, ukaja na bluu na njano. Majirani wakasifu. Mimi nilisimama barabarani nikautazama mlango wangu mwenyewe, na ilinichukua muda kuelewa kwamba kati ya rangi zote ulizokuwa nazo, ulichagua mbili ambazo mimi naziona.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Hili hulijui vizuri.

Mwaka jana ulipopata nafasi ya kusoma ubunifu Dar es Salaam, ulikuja hapa ukikimbia na simu mkononi. Nami nikasema hapana. Nilisema rangi si kazi. Nilikuuliza kama unakwenda kusomea kupaka kuta. Ulinijibu taratibu, "Baba, si umenilea kwa rangi?" Nikakujibu, "Nimekulea kwa sindano." Nikasema duka linakutegemea, subiri kwanza, tutaona mwakani. Na wewe, kwa heshima zako, ukasubiri.

Ulidhani nadharau ndoto yako. Labda ulidhani namwogopea binti yangu mji mkubwa. Mambo yote hayo yalikuwa kisingizio, mwanangu. Nilipoona ule ujumbe kwenye simu yako, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa: nani atanitajia uzi? Hicho tu. Sikukuwaza wewe hata kidogo. Nilijiwaza mimi, nikiwa peke yangu kwenye meza hii na nyuzi zote zimekuwa udongo.

Mwaka ule nilikuona ukizimika. Hukulalamika. Ulikuja asubuhi, ukafagia, ukanitajia rangi zangu kama kawaida, hata mara moja hukuniacha nikakosea. Lakini mteja akikuuliza, "Rehema, hii iende na nini?" ulimjibu, "Yoyote tu, mama, zote nzuri." Wewe kusema zote nzuri! Mara ya kwanza niliposikia nilisimamisha cherehani. Mara ya tano nilianza kukwepa kukaa nawe.

Aliyenikomesha ni mama yako. Alikuwa uani anachambua dagaa, nami nimekaa karibu naye. Hakuinua kichwa.

"Sadiki," akasema, "mtoto huyu umemfanya miwani."

"Miwani gani?"

"Miwani yako. Unamvaa asubuhi, unamvua jioni. Na sasa hutaki kumwachia aende kwa sababu hutaona."

Nikajifanya sielewi. Nikamwambia macho yangu ni mazima. Hapo ndipo akaacha dagaa, akafuta mikono kwenye kanga.

"Tumeishi pamoja miaka ishirini na mbili. Wewe unadhani kwa nini nguo zako zote ni nyeupe na bluu? Nani anazinunua?"

Nilijitazama. Shati jeupe, suruali ya bluu. Miaka ishirini na mbili nimevishwa na mwanamke aliyejua, nikitembea nikidhani nimeficha. Yeye akarudi kwenye dagaa zake, akasema, "Mwambie aende. Na siku moja mwambie ukweli." La kwanza nililitekeleza kesho yake, nikakwambia kwamba nimelifikiria upya, na wewe ukanishika mikono ukalia. La pili limenichukua mpaka leo.

Alhamisi iliyopita ulipokuwa unanunua vitu vya safari, nilikuaga nikasema naenda kupima nguo kwa mteja. Nilipanda bajaji nikaenda Bangwe. Bi. Mwamvua amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alinifahamu kabla sijafika mlangoni. Nikamwamkia. Akanikaribisha kwenye mkeka, nikashindwa kukaa.

"Mama," nikamwambia, "ule utepe niliushona mimi. Mtoto aliniletea wa kijani, na aliniambia kabisa kwamba huu ni mwekundu. Mimi rangi hizo mbili sizioni. Nilimsingizia."

Hakushtuka. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtoto mwenye kosa huangalia chini. Wako alikuwa anakuangalia wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Siku ile nilikuwa naona nyekundu peke yake."

Kisha akaniambia kwamba gauni bado lipo. Yeye alitaka kulichoma, binti yake akamkatalia. Binti yake analo hadi leo na amelivaa mara nyingi nyumbani kwake, pamoja na lile pindo. Kwa sababu dada yake aliyekufa alikuwa msichana wa kupenda nyekundu, midomo, kucha, viatu, kila kitu. "Mimi nikiiona naona shuka," Bi. Mwamvua akasema. "Yeye akiiona anamwona dada yake anajipamba. Tulizika mtu mmoja, mimi na yeye."

Kisha akanielekezea ile fimbo. "Lakini usidhani hilo linakusafisha, fundi."

"Sidhani, mama."

"Na mbona umekuja kwangu? Mimi uliniharibia gauni. Uliyemharibia jina yuko nyumbani kwako."

Ndiyo maana unaona karatasi hizi.

Huko unakokwenda nadhani watakufundisha kwamba rangi hii maana yake ni upendo, hii ni amani, hii ni hatari. Jifunze, wao wamesoma kuliko mimi. Mimi nilichokipata ni kidogo, nacho nilikipata vibaya: Bi. Mwamvua aliniambia kwa mdomo wake nyekundu ni nini kwake, na mimi nikaogopa kuchekwa kuliko nilivyomwogopea yeye. Ukiwa na kazi ya mtu mkononi, na mtu mdogo au mgeni au yeyote yule akakwambia, "Hiyo siyo," simamisha mkono wako. Hata kama wote wanaangalia. Mimi sikuusimamisha, na aliyelipia ni wewe.

Nisamehe, Rehema. Nilikosea mimi. Ule utepe ulioniletea ulikuwa wa kijani, ulisema kweli, na hukuwa na sababu yoyote ya kuomba radhi kwa mtu. Yule mwalimu wa Tanga alisharudi kwao, lakini wengine wote waliosikia nimewafuata mmoja mmoja wiki hii, hata mdogo wake Bi. Mwamvua, ambaye bado anajua kupiga kelele. Wote wanajua.

Na duka usiliwazie. Jumatatu aliingia dada mmoja na kitenge, na wewe ulikuwa umekwenda kupiga picha za fomu. Nikamwambia, "Dada, kuna rangi mbili mimi sizioni. Nitajie zilizopo humu." Alidhani namtania. Alipoona sicheki, alikaa akaanza kunitajia, polepole, akinionyesha kwa kidole, ua hadi ua. Hakunicheka. Mtu mzima mimi nimesubiri maisha yangu yote kuona kwamba watu hawatacheka.

Lakini nikwambie kilichoniuma. Alinitajia vibaya. Alisema, "Hii ni nyekundu, na hii pia nyekundu nyekundu hivi." Wewe ungesema hii ni ya pilipili iliyoanikwa na ile ni ya mawese yakiwa bado moto. Ungesema kijani hiki ni cha majani ya mhogo baada ya mvua, na kile ni cha chupa. Nimekaa na hilo tangu Jumatatu. Nilidhani nitakosa macho yako. Kumbe hilo la macho lina dawa, kila mteja ana macho. Rangi hizi mbili sijawahi kuziona hata siku moja, Rehema. Nimezisikia tu, na nimezisikia kwa sauti moja. Kwangu nyekundu ni jinsi unavyoivuta mwishoni. Kijani ni jinsi unavyokitaja haraka ukiwa na pini mdomoni. Ukiondoka zinaondoka, na hakuna mteja wa kunirudishia.

Sikuambii haya ili ubaki. Ukijaribu kubaki nitakupandisha treni mwenyewe, kwa nguvu. Nakuambia kwa sababu nimechoka kusema nimeiona wakati sikuona, na sitaki kesho nisimame pale stesheni nikicheka na kupunga mkono kana kwamba si kitu. Ni kitu. Nyumba itakuwa kimya. Nitakuwa nageuka upande wa kulia kila ninapomaliza kushona, kwa mazoea, na hapatakuwa na mtu. Mama yako atasema sijambo, na usiku atapanga upya lile sanduku lake. Wewe nenda tu. Kijaze kichwa chako rangi zote walizonazo huko, hata zile ambazo hazina jina kwa Kiswahili, na ukizipata uzipe majina wewe.

Karatasi hizi nitaziweka ndani ya daftari lako la viboksi. Ukifungua treni itakuwa imeshapita Uvinza, na huwezi tena kushuka kuja kunifariji, jambo ambalo najua ungelifanya.

Sasa nasikia sauti yako huko nje, umerudi kutoka Ujiji. Umesimama kwa fundi viatu jirani, unamuaga. Anakuuliza, "Sasa mwanetu, utarudi lini?" Unacheka, unamjibu, na hapo hapo pikipiki inapita na kelele zake.

Sijasikia ulichosema.

Baba yako,
Sadiki